Somo la Wiki: Filta za hewa ya kompresa, na fedha zinazopotelea ndani yake

Wiki hii tunaweka kando bei za mazao na tunazungumzia bidhaa ambayo haimo katika orodha ya bei ya duka lolote, ingawa viwanda vingi huilipia kila siku. Bidhaa hiyo ni hewa ya kompresa, ambayo mitaani tunaiita upepo. Mwekezaji mdogo anayefungua karakana ya kupuliza rangi za magari, kiwanda cha maji ya chupa au mashine ya kufungasha unga hununua kompresa kwa uangalifu mkubwa. Huuliza nguvu za farasi, hulinganisha profoma tatu, na pengine humlipa fundi amsaidie kuikagua. Filta humjia mwishoni kabisa, na huchukua ile ya bei ndogo kuliko zote kwa sababu anaona ni chujio tu.

Kwa uzoefu wa biashara hii, hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Kasha la filta hununuliwa mara moja. Elementi, yaani ule moyo wa ndani unaochuja, hununuliwa kila mwaka. Umeme unaosukuma hewa ipite katika elementi hiyo hulipiwa kila saa mashine inapofanya kazi. Anayechagua kwa kutazama bei ya kasha peke yake anatazama gharama iliyo ndogo kuliko zote tatu.

Kwanza tuone kinachochujwa. Kompresa inayofanya kazi kwa bar 7, ambazo mafundi wetu huziita paundi 100, huchukua mita 8 za ujazo za hewa ya nje na kuzibana zikawa mita 1. Vumbi, moshi wa magari na unyevu uliokuwa umeenea katika mita 8 sasa vimekusanyika katika mita 1. Filta ya mdomo wa kompresa huzuia vumbi kubwa tu, lile ambalo lingeharibu mashine yenyewe. Chembe ndogo za mikroni 1 au 2 hupita. Jicho la binadamu huanza kuona chembe kwenye mikroni 40 hivi, kwa hiyo mtu anayepuliza hewa juu ya leso nyeupe na kusema ni safi hajapima chochote.

Kompresa yenyewe nayo huongeza uchafu wake. Ile ya skrubu inayotumia oili, ikiwa nzima, huachia miligramu 2 hadi 5 za oili katika kila mita ya ujazo ya hewa. Ya pistoni yenye ringi zilizochoka huachia nyingi zaidi. Halafu kuna kutu ya tangi na mabomba, na hii huongezeka kadiri mtambo unavyozeeka.

MAJI NI SWALI LA PEKE YAKE

Adui mkubwa katika ukanda wetu wa pwani ni maji, na hapa ndipo wanunuzi wengi huuziwa kitu kisichoweza kufanya kazi waliyokinunulia. Tufanye hesabu kwa kompresa ya kilowati 37, yaani nguvu za farasi 50, inayotoa mita za ujazo 360 kwa saa. Iko Dar es Salaam, joto ni nyuzi 30 na unyevunyevu ni asilimia 80. Kila mita ya ujazo ya hewa hiyo ina gramu 24 hivi za maji. Kwa saa moja kompresa inavuta ndani kilo 8.6 za maji.

Hewa ikishabanwa na kupoozwa hadi nyuzi 40, haiwezi tena kubeba maji yote hayo. Lita 6 na zaidi kidogo hutoka mvukeni na kuwa maji ya kawaida. Kwa siku ya kazi ya saa 10 hizo ni ndoo tatu za lita 20. Kitenganishi cha maji na dreni nzuri vitayatoa, na filta inayofuata itakamata matone madogo na ukungu uliobaki.

Lakini bado kuna kilo 2.4 za maji kila saa ambazo zimo hewani kama mvuke, na mvuke hupita katika filta kama hewa yenyewe inavyopita. Hewa hiyo ikisafiri katika bomba refu hadi upande wa pili wa kiwanda na kupoa kufikia nyuzi 28, lita 1 na zaidi kila saa itageuka kuwa maji ndani ya bomba, mbele ya filta. Mwenye mali anafungua koki, anaona maji, anamlaumu muuzaji wa filta. Ananunua nyingine ya bei kubwa zaidi, na maji yanaendelea kutoka. Filta zote mbili zilikuwa nzima. Alichohitaji ni draya.

Msomaji ashike hili vizuri kwa sababu linauzwa vibaya sana madukani: filta huondoa maji yaliyokwisha kuwa matone, haiondoi mvuke. Mvuke huondolewa na draya. Draya ya kupoza, ambayo hufanya kazi kama friji, huishusha hewa hadi kiwango cha umande cha nyuzi 3 hivi, na kwa mtambo wetu wa mfano itabaki robo kilo tu ya maji kwa saa. Kwa karakana na viwanda vingi vya pwani hiyo inatosha, maana hakuna bomba la kiwandani litakalofika nyuzi 3 Tanga au Mombasa. Draya ya vidonge vya kufyonza unyevu hushuka hadi nyuzi 40 chini ya sifuri, lakini ile isiyotumia joto hula asilimia 15 au zaidi ya hewa yako mwenyewe ili kujikausha. Asiinunue mtu asiye na kazi inayoihitaji.

AINA TATU, NA MPANGILIO WAKE

Ukiondoa majina ya biashara, filta utakazoletewa kwenye profoma ni za aina tatu. Ya kwanza ni ya vumbi kavu. Hii huwekwa zaidi baada ya draya ya vidonge, kukamata unga unaotoka kwenye vidonge vyenyewe. Haina mengi ya kusemwa.

Ya pili ndiyo inayobeba kazi nzito: filta ya kukusanya ukungu. Elementi yake imetengenezwa kwa nyuzi nyembamba mno za kioo. Hewa huingia kwa ndani na kutokea nje, vitone vya oili na maji hushikwa na nyuzi, huungana vikawa vikubwa, kisha huteremka hadi chini ya kasha na kutolewa na dreni. Filta hii imeundwa ifanye kazi ikiwa imelowa. Watu hushangaa kuambiwa kwamba chembe ngumu zaidi kukamata si zile ndogo kuliko zote. Zilizo kubwa hushindwa kukata kona na kugonga nyuzi, na zilizo ndogo kabisa hucheza huku na huko hewani mpaka zinajigonga zenyewe. Za katikati, za mikroni 0.1 hadi 0.3 hivi, ndizo hupenya kirahisi. Kwa sababu hiyo filta nzuri hupimwa kwenye ukubwa huo, na tangazo linalosema tu "mikroni 0.01" bila kutaja kipimo kilivyofanyika halikuambii kitu cha maana.

Filta hizi za ukungu huja kwa madaraja mawili. La kawaida hukamata chembe hadi mikroni 1 na kuacha sehemu ndogo ya miligramu ya oili kwa mita ya ujazo. La juu huacha miligramu 0.01. La kawaida hutangulia, la juu hufuata. Ukiweka la juu peke yake litafanya kazi, lakini litaziba upesi na utanunua elementi ya bei kubwa mara mbili kwa mwaka ili kuokoa bei ya kasha moja dogo.

Aina ya tatu ni ya mkaa. Hii hufyonza mvuke wa oili na harufu, vitu ambavyo filta ya ukungu haivigusi. Huwekwa mwisho kabisa, baada ya daraja la juu, kwa kuwa mkaa ukilowa oili umekwisha. Pia haipendi joto. Katika chumba cha kompresa chenye nyuzi 40 mkaa huchoka mapema sana kuliko kitabu cha mtengenezaji kinavyosema, maana kitabu kimehesabu kwa nyuzi 20 hivi. Jambo baya zaidi kuhusu filta ya mkaa ni kwamba geji haisemi lolote ikishiba. Hewa inapita vizuri, sindano iko kwenye kijani, na mvuke wa oili unapita wote. Hubadilishwa kwa saa za kazi zilizoandikwa na mtengenezaji, na anayesubiri ishara atasubiri sana.

Joto linahusu filta zote, si mkaa tu. Hewa ikiwa ya moto, oili nyingi iko katika hali ya mvuke na hupita. Ikipoa mbele ya filta inarudi kuwa oili. Kwa hiyo filta huwekwa mahali hewa ilipokwisha kupoa. Mwenye gereji ndogo yenye kompresa ya pistoni, asiye na draya, asifunge filta palepale kwenye mdomo wa tangi kama wengi wafanyavyo. Apitishe hewa katika bomba la chuma la mita 8 au 10, lenye mteremko na dreni mwishoni, achukulie tawi lake juu ya bomba na si chini, ndipo afunge filta karibu na bunduki ya rangi. Na liwe bomba la chuma au la shaba. Bomba la plastiki la maji likipasuka kwa hewa ya kompresa hurusha vipande kama bomu, na bei yake ndogo imewadanganya wengi.

ANZIA MWISHO, UENDE NYUMA

Swali la kuuliza kwanza si "nina kompresa ya ukubwa gani?" bali "hewa hii inakwenda kugusa nini?" Bisibisi ya upepo ya kufungulia nati za magurudumu inahitaji hewa isiyo na maji ya matone, na haitajali oili kidogo, kwa kweli inaipenda. Mitungi ya kusukuma milango ya mashine ya kufungasha inahitaji hewa iliyokaushwa na filta ya kawaida. Bunduki ya rangi inahitaji daraja la juu, maana kitone cha oili kisichoonekana hufukuza rangi na kuacha kijishimo, na gari zima linasuguliwa upya kwa gharama ya mwenye gereji. Hewa inayogusa chakula au ndani ya chupa ya maji inahitaji ngazi zote, hadi mkaa.

Kuna kiwango cha kimataifa kinachorahisisha mazungumzo haya, nacho ni ISO 8573-1, toleo la 2010. Hupanga usafi wa hewa kwa tarakimu tatu: ya kwanza ni chembe, ya pili maji, ya tatu oili. Tarakimu ikiwa ndogo, hewa ni safi zaidi. Kwa oili, daraja la 1 ni miligramu 0.01 kwa mita ya ujazo, la 2 ni 0.1, la 3 ni 1, la 4 ni 5. Kwa maji, daraja la 4 ni umande wa nyuzi 3, ambao ndio draya ya kupoza hutoa, na la 2 ni nyuzi 40 chini ya sifuri. Mteja akisema "nataka 1.4.1" muuzaji anayejua kazi anaelewa mara moja. Kiwango hicho hakikuambii kiwanda chako kinahitaji daraja lipi. Hilo ni jukumu lako wewe na fundi wako, na la mkaguzi ikiwa bidhaa ni ya chakula.

Kosa la upande wa pili nalo lina gharama. Wapo wanaoogopa, wakafunga filta tatu mfululizo kwenye bomba kuu ili kiwanda kizima kipate hewa ya kiwango cha hospitali, wakati anayeihitaji ni tawi moja. Tuone inagharimu nini.

HESABU YA UMEME

Kila filta huzuia hewa kidogo, na kompresa hulazimika kusukuma zaidi kufidia. Kwa mtambo wa bar 7, kila bar 1 ya ziada huongeza umeme kwa asilimia 7 hivi. Kompresa yetu ya kilowati 37 huvuta kilowati 40 kutoka kwenye waya, na ikifanya kazi saa 4,000 kwa mwaka, yaani zamu mbili kwa siku 250, hutumia yuniti 160,000.

Filta mpya ya ukungu, ikiwa imelowa, huzuia bar 0.15 hivi. Ikiachwa ichakae hadi bar 0.65, nyongeza ni nusu bar. Nusu bar ni asilimia 3.5, sawa na yuniti 5,600 kwa mwaka. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, yuniti moja ni shilingi 300. Hiyo ni shilingi 1,680,000. Kila msomaji aweke bei yake mwenyewe ya umeme na ya elementi, kisha aamue kama kukwepa kubadilisha elementi kulimwokolea chochote.

Sasa turudi kwa yule mwenye filta tatu kwenye bomba kuu. Hata zikiwa mpya, 0.15 na 0.20 na 0.10 ni bar 0.45, nazo humgharimu yuniti 5,000 kwa mwaka kabla hazijachafuka. Ikiwa sehemu moja tu ya sita ya hewa yake ndiyo inayokwenda kwenye chumba cha rangi, aweke filta ya kawaida tu kwenye bomba kuu, na daraja la juu na mkaa kwenye tawi la rangi. Kwa vile bunduki ya rangi hutumia bar 3 au 4 tu, upungufu unaotokea kwenye tawi hilo haumlazimishi kupandisha kompresa hata kidogo. Na filta za tawi ni ndogo, elementi zake ni za bei ndogo.

Hapa tuongeze jambo ambalo wauzaji wa vifaa vya kuokoa umeme hulinyamazia. Akiba hii hupatikana tu ukiishusha kompresa yenyewe. Ukibadilisha elementi, ukapata nusu bar, na swichi ya kompresa ukaiacha palepale ilipokuwa, bili itabaki karibu vilevile. Mashine zako zitapata presha kubwa zaidi, basi.

Dreni nayo ni shimo la fedha. Tundu la milimita 3 kwenye bar 7 humwaga lita 11 za hewa kila sekunde, sawa na kilowati tatu na nusu hivi za umeme, mchana na usiku kama kompresa haizimwi. Ni kawaida kukuta dreni iliyokwama imefunguliwa robo mzunguko "ili maji yatoke yenyewe". Dreni ikiwa imekwama ikiwa imefungwa, hali ni mbaya zaidi: maji na oili hupanda kwenye kasha, hufunika elementi, na hewa huvibeba vyote kuvipeleka kwenye kazi. Dreni ni kifaa kidogo, lakini ikifa filta nayo imekufa.

KUSOMA KATALOGI

Uwezo wa filta huandikwa kwa bar 7. Presha ikishuka, hewa ileile hujaa nafasi kubwa zaidi na hupita kwa kasi zaidi. Filta iliyoandikwa mita za ujazo 360 kwa saa, ukiifunga mahali penye bar 4, kwa hesabu ya tahadhari ihesabu kuwa ya 225, yaani tano ya nane. Kila mtengenezaji ana jedwali lake la kurekebisha, na baadhi hawakati sana kama hivyo. Muuzaji asiye na jedwali anauza kasha tu. Kuchukua filta kubwa kidogo kuliko mahitaji ni uamuzi mzuri karibu kila mara, kwani huzuia hewa kidogo na elementi hudumu. Kitenganishi cha maji cha kuzungusha hewa hakiko hivyo: kikiwa kikubwa mno hewa huzunguka polepole na maji hayatengani.

Uliza pia kizuizi kilichoandikwa ni cha elementi kavu au iliyolowa. Kavu huonekana kidogo na kupendeza, lakini hakuna filta ya ukungu inayofanya kazi ikiwa kavu. Kisha uliza oili kiasi gani ilikuwa ikiingia wakati wa kipimo. Kiwango cha ISO 12500-1 huruhusu kupima kwa miligramu 10 au 40 kwa mita ya ujazo, na filta mbili zenye jibu sawa lakini zilizopimwa kwa mzigo tofauti si filta sawa.

Geji ya kijani na nyekundu isiaminiwe kupita kiasi. Ikionyesha nyekundu, elementi imeziba, sawa. Lakini sindano iliyokuwa ikipanda mwezi hadi mwezi ikaanguka ghafla hadi sifuri haina habari njema: elementi imechanika au pete yake ya mpira imetoka, na hewa inapita bila kuchujwa. Ndiyo sababu watengenezaji wengi husema elementi ibadilishwe kila mwaka hata kama geji ni ya kijani.

Kikombe cha plastiki angavu kinachoonyesha maji kinapendwa na mafundi. Kwenye gereji ya rangi kiwe na ngao ya chuma, au kiwe cha chuma chenyewe, maana mvuke wa thina na baadhi ya oili hulainisha plastiki hiyo mpaka ipasuke ikiwa na presha.

MAJI YA CHUPA NA HEWA YA KUPUMUA

Wawekezaji wengi wadogo wameingia kwenye maji ya chupa, kwa hiyo tuseme neno kwao. Mashine inayopuliza prifomu kuwa chupa hutumia hewa ya presha kubwa, hadi bar 40. Kasha la kawaida la filta limetengenezwa kwa bar 16. Yanafanana kwa sura, nyuzi za kuungia zinaweza kuingiliana, na tofauti ya bei ni kubwa, kwa hiyo kishawishi kipo. Kasha la bar 16 likifungwa kwenye bomba la bar 40 linaweza kuua mtu. Soma kibao kilichogongwa kwenye kasha lenyewe, usisome kartoni. Hewa hiyo pia hugusa ndani ya kila chupa itakayobandikwa lebo yako na alama ya TBS, na oili inayopita haionekani, inaonjwa. Kompresa yetu ya mfano, kwa miligramu 3 tu kwa mita ya ujazo, hupitisha zaidi ya kilo 4 za oili kwa mwaka kama hakuna wa kuizuia. Kompresa isiyotumia oili hupunguza tatizo lakini haimalizi, kwani huvuta moshi uliopo nje. Ukiifunga karibu na maegesho ya malori au jenereta utahitaji mkaa vilevile.

Wanaopuliza mchanga au rangi wakiwa wamevaa kofia inayoletewa hewa kutoka kompresa wapo katika hatari nyingine kabisa. Filta ya ukungu na ya mkaa hazizuii kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu inayotoka kwenye injini za dizeli na kwenye kompresa iliyopata joto kupita kiasi. Hewa ya kupumua inahitaji mtambo wake maalum wenye kemikali ya kuigeuza gesi hiyo, na kipimo cha kuionya. Seti ya filta za rangi, hata ziwe nzuri namna gani, zisiuzwe kwa kazi hiyo, na mfanyabiashara anayeziuza hivyo ajue anachofanya.

KWA WENYE MADUKA YA VIPURI

Kwa upande wa wauzaji wa Kariakoo, Gerezani na kwingineko, faida ya biashara hii iko kwenye elementi. Kasha likishauzwa, mteja amefungwa na umbo la elementi yake kwa miaka kumi. Kwa mnunuzi maana yake ni hii: kabla hujalipia kasha, uliza elementi yake inauzwa na maduka mangapi hapa nchini na itachukua siku ngapi kufika ikiwa haipo. Kasha zuri lisilo na elementi sokoni litaishia kufungwa likiwa tupu, na tumeona kiwanda zaidi ya kimoja kinachofanya hivyo bila mwenye mali kujua.

Elementi mbadala za bei nafuu zipo tele, na si zote mbaya. Zilizo nzuri huja na karatasi ya kipimo. Kagua mambo machache dukani: gundi ya kofia za juu na chini iwe imezunguka yote bila mwanya, pete ya mpira iwepo na iwe laini, sponji ya nje isimeguke ukiibonyeza kwa kidole. Sponji iliyokaa miaka kwenye rafu lenye joto humeguka. Za mkaa zibaki ndani ya mifuko yake iliyozibwa mpaka siku ya kufungwa, kwa sababu mkaa hufyonza harufu za dukani, thina na petroli, na mteja huuziwa elementi iliyokwisha kutumika na hewa ya duka lako.

Anayeagiza kwa mara ya kwanza asijaze kontena kwa saizi zote. Azungukie kwanza karakana na viwanda vya eneo lake, aandike namba za makasha yaliyopo, tarehe elementi zilipofungwa na saa ambazo kompresa hufanya kazi kwa wiki. Daftari hilo litamwambia saizi zipi zinauzika na mwezi gani, na atazikuta elementi nyingi ambazo hazijabadilishwa tangu mtambo ulipozinduliwa.